Kugawa Mshubiri Uliosongamana
Maneno ya afisa wa kilimo kwa wakazi wa Lowarengak



Leo nazungumza juu ya echuchuka, mshubiri wetu. Wengi mmeupanda kwenye madumu yaliyokatwa, na sasa machipukizi yamejaa hadi mengine yamepasua dumu. Ukisongamana hivyo, majani hukonda. Msiutupe, wala msikimbilie milimani kung'oa mwingine: uvunaji wa mshubiri pori ulipigwa marufuku mwaka 1986, na kanuni za 2007 zilimtaka mvunaji awe na kibali cha KWS.

Lazeni dumu ubavu, mtoe mmea wote, mkung'ute udongo. Chagueni chipukizi lenye mizizi yake lenyewe, mlikate kwa kisu safi. Kisha, na hapa ndipo tunapokosea, liacheni kivulini siku tatu au nne hadi kidonda kikauke. Mimi mara ya kwanza nilipanda na kumwagilia siku hiyohiyo. Yote yalioza, nami nikalisingizia jua!

Dumu jipya litobolewe chini. Changanyeni mchanga wa laga na samadi kuukuu ya mbuzi, mchanga uwe mwingi. Mchanga wa ufuoni hapana, na maji ya ziwa pia hapana. Yana chumvi na magadi. Baada ya wiki moja nyunyizeni maji ya kisima, kidogo tu. Dumu likae nyuma ya ua, upepo wetu mnaujua.

Kisu ninacho. Mama mwenye dumu lililopasuka, tuanze na lako.