Jicho na Siri za Mishipa ya Damu

Retina, yaani utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni sehemu ya mwili ambamo mishipa ya damu huonekana waziwazi bila mtu kupasuliwa, na uwezo wa kuitazama umekuwapo tangu mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotangaza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho. Daktari hutia matone yanayopanua mboni, kisha huelekeza mwanga ndani: vidoa vyekundu vya damu iliyovuja, pamoja na madoa ya manjano ya mafuta, huweza kuashiria kisukari, ilhali mishipa iliyosinyaa huweza kuashiria shinikizo la damu la muda mrefu. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa vipimo vya sukari na presha.

Linalosikitisha ni kwamba kisukari huweza kuharibu retina kwa miaka kadhaa huku mgonjwa akisoma gazeti bila taabu, hivyo kipimo cha herufi za ukutani, ambacho wengi hudhani kinatosha, hakiwezi kuufichua uharibifu huo. Mwenye kisukari na achunguzwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri.