Kufikisha Waifai Vyumba vya Ndani katika Nyumba za Mawe za Mji Mkongwe

Mada kwa semina ya wenye nyumba, wapangaji na mafundi umeme, Zanzibar



Ukipita Shangani, Malindi au Kiponda, malalamiko ni yale yale. Intaneti imelipiwa, ruta imewasha taa zake zote, sebuleni video haikwami, lakini chumba cha nyuma simu inashika kwa shida na ghorofa ya juu hamna kitu. Mwenye nyumba anaipigia kampuni aongezewe kasi. Anaongezewa, analipa zaidi, na sebuleni mambo yanazidi kuwa mazuri. Chumba cha nyuma kiko vile vile.

Kwa maoni yangu, katika nyumba hizi tunanunua kitu kisicho na kasoro na kuacha penye kasoro. Kifurushi hakina tatizo, tatizo ni ukuta. Na ukuta wa Mji Mkongwe haushindwi kwa ruta yenye antena nyingi. Unazungukwa kwa waya. Mwenye fedha kidogo aanze na waya.

Tuutazame ukuta wenyewe. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita na pengine zaidi. Nyumba ya tofali kule Ng'ambo ina ukuta wa sentimita 15 hivi. Wimbi la waifai hupungua kila linapopenya kitu, na upungufu huo hupimwa kwa desibeli: ukipoteza desibeli 3 umebakiwa na nusu ya nguvu, ukipoteza 10 umebakiwa na sehemu moja ya kumi, ukipoteza 20 ni sehemu moja ya mia. Kwa hiyo ukuta wa pili hauongezi tabu, unaizidisha. Isitoshe, jiwe la matumbawe lina matundu na chokaa inavuta unyevu, nasi tunakaa kando ya bahari. Maji hunyonya mawimbi haya. Bibi anayesema waifai ya chumbani kwake inazorota zaidi wakati wa masika asichekwe.

Ruta nyingi za sasa hurusha katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Yale ya 2.4 ni ya polepole, lakini hupenya vizuri zaidi. Simu ikikwama kwenye 5 katika chumba cha mbali, ingia kwenye mipangilio ya ruta uyape masafa hayo majina mawili tofauti, kisha mwenye chumba achague mwenyewe. Kwenye 2.4 tumia chaneli ya 1, 6 au 11, kwani hizo tatu haziingiliani. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na dirisha la jirani mara nyingi ndilo ukuta wako wa pili, kwa hiyo angalia kwanza yeye yuko chaneli gani. Programu za bure za simu huonyesha hayo pamoja na nguvu ya mawimbi. Namba husomwa kwa hasi: hasi 60 ni nzuri, hasi 67 inatosha kwa simu ya video, ukifika hasi 80 usitarajie mengi.

Kabla ya kununua chochote, ihamisheni ruta. Fundi wa kampuni huiacha pale waya wake ulipoingilia, yaani chumba cha mbele karibu na mlango wa barabarani, na hapo ndipo pabaya kuliko pote. Nyumba nyingi za mawe zina ua katikati, na vyumba vinautazama kwa milango na madirisha. Mbao hazizuii sana. Ichukulieni ruta kama kandili: mngeitundika wapi ili mwanga wake uingie vyumba vingi kupitia milango iliyo wazi? Aghalabu jibu ni ukumbi wa ghorofa ya kati unaoutazama ua. Isiwe nyuma ya jokofu, wala kando ya tangi la maji, wala mbele ya kabati lenye kioo kikubwa, maana mgongo wa kioo una madini yanayorudisha mawimbi yalikotoka. Hatua hii haina gharama, au ina gharama ya mita chache za waya tu, na zipo nyumba ambazo kazi huishia hapo.

Isipoishia hapo, dukani utaonyeshwa ripita, kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi. Siipendi kwa nyumba hizi. Ripita hairushi isichokipokea: ukiiweka katika chumba kisicho na mawimbi, itarusha huo huo unyonge. Unaambiwa uiweke katikati ya safari, lakini kikwazo kikiwa ukuta mmoja mnene, katikati ni ndani ya jiwe. Tena ripita ya bei rahisi hupokea na kutuma kwa redio moja, ikibadilishana zamu, hivyo takriban nusu ya kasi hupotea. Seti za kisasa za ruta mbili tatu zinazowasiliana zenyewe ni nzuri zaidi, ila ni ghali, na zisipounganishwa kwa waya nazo huukuta ukuta ule ule. Vifaa vinavyopitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme vinafaa penye nyaya nzuri. Kwetu nyumba moja ina nyaya za vizazi vitatu na kila mpangaji ana mita yake. Mwenye kutaka kuvijaribu aombe kwanza ruhusa ya kuvirudisha dukani.

Basi tuje kwenye waya. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba ya kuzimaliza mita hizo mjini hapa sijaiona. Jihadharini na moja: nyingi za bei ya chini ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, iache. Aluminiamu hukatika ikikunjwa, na kwa hewa yetu ya chumvi ncha zake huliwa mapema.

Upande wa pili wa waya hamna haja ya kifaa kipya. Ruta ya zamani iliyolala kabatini inatosha. Iwasheni, mzime ile huduma yake ya kugawa anwani, kwa sababu nyumba moja haitaki wagawaji wawili. Ipeni anwani yake isiyogongana na ya ruta kuu. Kama kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na mhakikishe kuwa iko nje ya fungu ambalo ruta kuu inaligawa. Waya uingie kwenye tundu la kawaida, si lile la intaneti lenye rangi tofauti. Jina la waifai na neno la siri viwe sawa na vya ruta kuu, chaneli iwe nyingine. Simu zitahama zenyewe mtu akipanda ngazi, ingawa baadhi ni kaidi na hung'ang'ania ruta ya chini mpaka uzizimie waifai na kuiwasha tena.

Njia ya waya ndiyo kazi yenyewe. Ushuke au upande kwenye ua, ukifuata mabomba yaliyopo lakini ukiwa mbali na nyaya za umeme. Kwenye jua tumieni kebo ya nje, yenye ganda jeusi. Pindeni kitanzi kidogo chini kabla haijaingia dirishani ili maji ya mvua yadondokee hapo. Tundu la fremu ya dirisha ni bora kuliko tundu la ukuta. Ikibidi kutoboa, toboeni kwenye chokaa baina ya mawe, tundu liinamie nje kidogo, na boriti msiziguse kabisa. Kisha zibeni kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikasukuma plasta, na baada ya muda mtaona ukuta unabanduka kuzunguka lile tundu. Upande wa barabara usiguswe bila kuuliza Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe; mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Waya wa shaba msiupitishe juu ya mapaa kwenda kwa jirani. Radi ikipiga karibu, vifaa vya nyumba zote mbili vinaweza kuungua.

Baada ya chai tutabana vichwa vya kebo. Mpangilio ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, na uwe huo huo pande zote mbili. Mafundi tafadhali kaeni karibu na wenye nyumba, si mbele peke yenu.