HAKI YA ALIYEGONGWA: JE, FUNGA YATOSHA KUIFUTA?

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Mimi ni mdogo wenu, mwanafunzi tu. Kusema mbele ya walionisomesha alifu na bee si jambo jepesi, basi naomba mnivumilie. Kila Ramadhan tunakumbushana juu ya kusengenya, juu ya macho na ulimi, juu ya zaka. Yote ni haki. Lakini kuna dhambi moja ambayo hatuitaji sana msikitini, nayo hutendwa mchana kweupe: mtu kumgonga mwenziwe kwa gari, kisha akakanyaga mafuta akaenda zake.

Swali langu ni hili. Dereva amemgonga mtu wa baiskeli, akamwacha mtaroni. Jioni akafuturu, usiku akaswali tarawehe safu ya mbele. Je, funga yake imemfutia?

Tuanze na hali yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Hapa Kenya, takwimu za NTSA za mwaka 2024 zilipita vifo 4,700. Waliobaki na mguu uliokatwa au mgongo usiosimama hawamo katika hesabu hiyo ya maiti.

Na huyu mtu wa baiskeli ni nani? Ni yule anayetuletea mkate alfajiri, sanduku limefungwa kwenye keria. Ni muuza maziwa, ni mchukuzi wa mitungi ya maji, ni mlinzi anayerudi nyumbani baada ya kukesha. Hata neno boda boda tunalolitumia leo kwa pikipiki lilianza na baiskeli, pale mpakani Busia. Mwaka 2004 waziri John Michuki alipozitia nguvu sheria za matatu, mikanda na vidhibiti mwendo, abiria aliye ndani alipata ahueni. Aliye nje juu ya baiskeli hana mkanda wala bati la kumkinga. Ngao yake ni taqwa ya dereva.

Basi tazameni barabara zetu dakika ishirini kabla ya Maghribi. Kila mtu mbio! Dereva anaovateki kwenye kona, anapanda ukingoni mwa lami ambako ndiko wenye baiskeli wanakopita. Huku kwetu jua likizama giza halikawii, na baiskeli nyingi hazina taa. Ukimuuliza, atakwambia, "Nawahi futari, kuharakisha kufuturu ni sunna." Subhanallah! Sunna ni kufuturu jua likizama, popote ulipo. Weka tende tatu na chupa ya maji garini, uegeshe kando, ufuturu. Umeipata sunna, na hujamfanya mtoto wa mtu yatima.

Sasa ndugu msomaji, tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kugonga na kukimbia si kitu kimoja. Kugonga aghalabu huwa ni khataa, yaani kosa lisilokusudiwa. Kukimbia ni amdi. Hakuna mtu anayekimbia kwa bahati mbaya. Ameona kwenye kioo mtu ameanguka, akapima moyoni, akachagua. Huenda yule aliyeanguka angepona kama damu ingezuiwa mapema na akafikishwa hospitali. Qur'ani katika Suratul-Maidah, aya ya 32, imelinganisha kumwokoa mtu mmoja na kuwaokoa watu wote. Aliyekuwa na uwezo wa kuokoa akaukimbia, amekimbia nini?

Na hata ile khataa yenyewe haipiti bure. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Allah ameweka hukumu ya anayeua kwa kukosea. Kwanza, kumwacha huru mtumwa muumini. Pili, diya ikabidhiwe kwa jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Asiyeweza kupata mtumwa, na leo hayupo, afunge miezi miwili mfululizo. Angalieni vizuri: Ramadhan ni mwezi mmoja. Yule aliyeua kwa gari ana funga nyingine ya miezi miwili inayomngoja, na mwenye kukimbia huwa hata hajui kama anadaiwa, kwa sababu hakugeuka kutazama kama mtu amekufa au yu hai.

Wako wanaosema, "Hayo ni ya zamani, gari halikuwapo." Maulamaa wameshaliangalia. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lilipitisha azimio kuhusu ajali za barabarani. Walisema kuzifuata kanuni za barabara zisizopingana na sheria ni wajibu wa Kiislamu, na kwamba dereva hubeba dhamana ya madhara anayowatia wengine, mwilini au katika mali, ila katika hali chache maalumu. Kwa hivyo taa nyekundu si mambo ya serikali tu.

Nirudi kwa swali letu. Imam Muslim amepokea hadithi ya mtu aliyefilisika kikweli katika umma huu. Ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala zake, funga zake na zaka zake, lakini huyu alimtukana, yule alimpiga, mwingine alimwaga damu yake. Thawabu zake zitagawiwa mmoja mmoja, na zikiisha atabebeshwa dhambi zao. Umeona? Funga yake ipo, haikukataliwa. Itachukuliwa, apewe yule muuza mkate. Haki ya Allah, Allah husamehe apendavyo. Haki ya mja, mwenyewe lazima alipwe au asamehe kwa ridhaa yake.

Na sheria ya nchi inasemaje? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame, atoe jina lake, anwani na habari za gari na mwenye gari. Asipotoa, aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Zaidi ya hayo, bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari barabarani, na imewekwa kwa ajili ya mtu kama huyu wa baiskeli. Kiwango chake kisheria hufika shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja.

Lakini fungua macho uone dhulma ya kukimbia inavyofanya kazi. Bima hufuatwa kupitia gari, na gari hujulikana kwa nambari. Bila nambari, faili ya mgonjwa inabaki na nambari ya OB peke yake. Mguu umevunjika, deni la hospitali limepanda, watoto wametolewa shule. Aliyekimbia hakukimbia polisi tu. Amekimbia na dawa ya mgonjwa na karo ya watoto wake.

Sasa tujibu nyudhuru.

Wa kwanza husema, "Ningesimama wangeniua." Jamani, hapa tusiwalaumu madereva peke yao. Sote tumeona watu wakimkusanyikia dereva kwa mawe, gari likachomwa, hata kabla ya kujua nani mwenye kosa. Hiyo nayo ni dhulma, na ndiyo inayomfundisha dereva wa kesho kukimbia. Kijana Muislamu akifika penye ajali, kazi yake ni kumlinda majeruhi na kumlinda dereva pia. Na wewe dereva, ukihofia roho yako kweli, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, useme nimegonga mahali fulani, pelekeni msaada. Huko si kukimbia. Kukimbia ni kwenda nyumbani ukaosha bampa.

Wa pili husema, "Ilikuwa kadari yake." Naam, tunaiamini kadari ya kheri na ya shari. Lakini Sayyidna Umar (R.A.) alipokataa kuingia na jeshi penye tauni kule Sham, alieleza kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kadari haimwondolei mtu dhamana. Anayefiwa huliwazwa kwa kadari. Aliyeua hapewi kadari akajifichia.

Wa tatu husema, "Tutamaliza kwa maslaha." Sulhu ni kheri, na ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera wana mila ndefu ya diya. Lakini sulhu ni kwa ridhaa. Kumwendea mjane siku ya tatu na elfu kumi na karatasi ya kuweka dole gumba, hiyo si sulhu. Na tujue pia kuwa Kadhi wetu, kwa Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, husikiza ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kesi ya barabarani huenda mahakama za kawaida.

Basi tufanye nini?

1. Ukishuhudia ajali, shika nambari ya gari kwanza, kabla ya kupiga picha ya damu. Andika saa, mahali na rangi ya gari.

2. Msaidie majeruhi. Bana jeraha kwa kitambaa safi, usimvute shingo. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

3. Toa ushahidi. Suratul-Baqarah, aya ya 283, imeonya kuwa mwenye kuficha ushahidi moyo wake una dhambi. Hata dereva akiwa ni mjomba wako, Suratun-Nisaa, aya ya 135, imeshakata shauri.

4. Wenye kugongwa, chukueni abstrakti ya polisi na fomu ya P3 mapema, mtunze risiti zote. Madai ya fidia yana muda wa miaka 3, halafu mlango hufungwa.

5. Wenye baiskeli, tieni taa na kiakisi cha nyuma. Kujikinga nako ni ibada.

Na kama yuko miongoni mwetu aliyefanya jambo hili miaka iliyopita, akalala nalo kifuani, mlango wa toba bado u wazi. Toba ya haki ya mja ina sharti la ziada: kuirudisha. Mtafute mwenyewe, au watafute watoto wake. Enda ukaseme. Kusimama mbele ya hakimu ni kuzito, lakini kusimama mbele ya Allah ukiwa umefilisika ni kuzito zaidi.

Ewe Allah, zikubali funga zetu na usizifanye za kugawiwa tuliowadhulumu. Waponye waliolala vitandani kwa kugongwa, warehemu waliotangulia, na uwape madereva wetu subira na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.