Tufani Angani: Juu ya Uaminifu wa Mgeuzaji



Bob Carlton, katika Return to the Forbidden Planet, aliihamishia angani The Tempest ya Shakespeare: merikebu ikawa chombo cha angani, Ariel akawa roboti, na nyimbo zikawa za roki zilizokwisha kuvuma zamani. Je, huko ni kuisaliti tamthilia? Hasha. Kwa Shakespeare, Prospero anakiri kwamba Caliban ni wake. Kwa Carlton, kama katika filamu ya mwaka 1956, zimwi lazaliwa na akili ya mwanasayansi mwenyewe. Dhima ya mwenye nguvu imebaki palepale. S. S. Mushi, alipotafsiri Tufani (1969), alilinda kauli. Mgeuzaji hulinda swali. Basi tusiwapime kwa mizani moja.