Hesabu Tulizopiga Bwenini

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama wetu mmoja, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika hapa shuleni.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mafanikio. Naomba radhi, leo sitazungumza juu ya hayo. Nitazungumza juu ya juma moja tu, lile lililofuata mtihani wetu wa mwisho mwaka 2002. Nimeona ratiba yenu ya mtihani wa Mei imebandikwa pale bwaloni, nami najua mtakachofanya siku mtakapoweka kalamu chini.

Mtapiga hesabu. Sisi tulizipiga usiku uleule. Tulikusanyika vitandani, mablanketi mabegani kama mnavyoijua baridi ya Mbeya, tukawa tunayafufua maswali moja baada ya jingine. Kila mmoja alisema alivyojibu, wengine wakabishana, kisha hukumu ikaandikwa. Mwandishi wa hukumu nilikuwa mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri na, siwafichi, nilijiona.

Kanuni mnaijua, lakini nawatajia wazee waliofanya mitihani ya Cambridge kabla ya Baraza la Mitihani kuundwa kwa sheria mwaka 1973. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, na kuendelea hivyo hadi S ambayo ni 6 na F ambayo ni 7. Unajumlisha masomo yako matatu. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Zaidi ya hapo ni sifuri. Mimi nilijipa pointi 5, na bweni zima likakubali bila ubishi.

Ikafika zamu ya mwenzetu mmoja wa mchepuo wetu wa PCM. Jina lake silitaji, ingawa mliokuwapo mnamjua. Alikuwa kijana mkimya, mtoto wa mjane wa Rungwe, na alikuwa mkweli kupita kiasi. Sisi wengine tulisimulia tulipofanya vizuri. Yeye alisimulia alipokwama. Swali fulani la Hesabu aliliacha katikati. Katika Fizikia alikosea kizio. Katika Kemia hakuwa na hakika na jaribio. Nikamwandikia S ya Fizikia, E ya Kemia na F ya Hesabu: jumla 19, daraja la nne. Nilimsomea kwa sauti. Mtu mmoja akacheka. Yeye akasema, "Haya," akapanda kitandani kwake.

Asubuhi aliuza godoro lake kwa kijana wa kidato cha tano, akatafuta lori, akashuka Chunya kwenye dhahabu. Barabara ya Chunya wakati huo haikuwa na lami, na simu za mkononi kwetu zilikuwa za watu wachache.

Mimi nilipanda basi la kurudi kwetu Iringa nikiwa na karatasi yangu mfukoni. Tulibishana tangu Uyole mpaka Igawa. Tuliposimama Makambako, abiria wengine wakala mahindi ya kuchoma, sisi tukaendelea na swali la nane la Hesabu, tukafikia muafaka. Kumbe Iringa nikawakuta wanafunzi wa Mkwawa, ambayo wakati ule ilikuwa bado shule ya sekondari, kabla ya kugeuzwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu mwaka 2005. Nao walikuwa wamekaa bwenini kwao wakafikia muafaka juu ya swali lilelile. Jibu lao halikuwa letu, na walikuwa na hakika kama sisi. Hapo ndipo nilipoanza kuikunja ile karatasi badala ya kuionyesha.

Miaka mingi baadaye, mwalimu mmoja aliyewahi kusahihisha mitihani alinieleza kosa letu. Hesabu haisahihishwi kwa kutazama jibu la mwisho peke yake. Kila hatua iliyo sahihi ina alama zake, hata kwa aliyekwama katikati. Tena somo moja lina karatasi zaidi ya moja, ambazo huunganishwa. Nami naongeza la kwangu: mtu hukumbuka swali lililomtoa jasho, na yale aliyoyajibu bila taabu huwa ameshayasahau kabla hajatoka mlangoni. Kwa hiyo mkweli hujipunja na mwenye majivuno hujizidishia.

Matokeo yalipotoka, mimi nilikuwa na D, D na E: pointi 13, daraja la tatu. Namba ya mtihani ya mwenzetu nilikuwa nayo kwenye karatasi yangu, nikaitafuta ubaoni. C, C, E. Pointi 11, daraja la pili.

Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Nikasema moyoni, atapata habari. Siku zile kila mtu aliomba nafasi mwenyewe chuoni, kwa fomu yake na kwa tarehe yake. Nikajaza fomu yangu, nikachaguliwa. Nilimwandikia barua moja kwa anwani ya shule, ambako nilijua hayupo. Nauli ya kufika Chunya ningeipata kama ningeitafuta.

Alipanda Mbeya baada ya miezi minane, kununua vifaa vya shimo, ndipo akaambiwa sokoni na mdogo wake mtu tuliyesoma naye. Mwaka uliofuata bado angeweza kuomba. Lakini alikuwa na deni la wenye shimo, na mke, na mama aliyekuwa ameanza kuugua. Hakuomba.

Siku hizi mnasoma matokeo kwa simu popote mlipo, na tangu mwaka 2013 wenzenu wengi huitwa JKT wakimaliza, kwa hiyo kupotea kama alivyopotea yeye si rahisi. Lakini kutangulia kumhukumu mwenzako ni rahisi kuliko zamani. Bweni letu lilikuwa na vijana arobaini, la kwenu ndani ya simu lina mia tatu, na wa kucheka hamumwoni. Bishaneni juu ya maswali, kuna raha yake. Jumla msimwandikie mtu.

Mwenzetu yupo ukumbini. Ana duka kubwa Makongolosi, na mchango wa madawati aliulipa kabla yangu. Amenipa ruhusa niseme haya. Mwaka jana nilikwenda kwake hatimaye, nikamkabidhi ile karatasi, maana sikuwahi kuitupa. Akavaa miwani, akaisoma polepole mstari wake, akaiweka juu ya kaunta.

"Sita, tano na saba ni kumi na nane," akasema. "Hata kujumlisha ulikosea."