Baada ya Tope la Katesh

Msikilizaji, umesikia kwenye taarifa ya habari: mvua zinakaribia. Kwa wengi hiyo ni habari ya shamba. Kwa aliyenusurika Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 80, mlio wa mvua juu ya bati waweza kumrudisha palepale. Moyo unakwenda mbio, mwili unatetemeka, usingizi unakatika.

Sasa afanyeje, saa nane za usiku? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 una jibu jepesi. Kwanza, tambua kwamba hofu imekushika. Halafu punguza kasi: pumua taratibu, kandamiza nyayo sakafuni. Kisha rudisha macho na masikio hapo ulipo. Unaona nini? Unasikia nini? Nani yuko nawe?

Wapo watakaouliza: nyumba imefukiwa, jamaa wamezikwa, pumzi itajenga nini? Hoja ina uzito. Pumzi haileti kiwanja, wala haichukui nafasi ya mtaalamu. Lakini tutazame upande wa pili. Gongo nayo hutuliza, na kukicha hofu ipo, fedha hakuna. Mimi nachagua nyayo sakafuni.

Linabaki swali: unga na mablanketi vikishagawiwa, nani katika kata yako ana kazi ya kuwafundisha manusura hatua hizi, na analipwa na nani?