Magoti Dhaifu Nayo Yamo Mbioni

Leo twawaomba mfungue Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, mstari wa 1 hadi wa 13. Wengi wetu twaujua sana mstari wa kwanza, ule unaotaja mbio na saburi. Lakini mara nyingi twafunga kitabu kabla ya kufika mstari wa 12, mahali mwandishi anapokumbuka mikono iliyochoka na magoti yasiyo na nguvu. Mambo hayo mawili yamewekwa katika sura moja, wala si kwa bahati.

Yako mashindano magumu yaliyoanza Hawaii mwaka wa 1978. Mara ya kwanza walianza watu 15, wakamaliza 12. Mshindani huogelea kilomita 3.8, kisha hupanda baiskeli kilomita 180, umbali unaopita safari ya Nairobi hadi Nakuru, kisha hukimbia marathoni, kilomita 42. Yote kwa siku moja. Huitwa Ironman, yaani mtu wa chuma.

Mwezi wa Mei 2017, Mwingereza Tim Don alivunja rekodi ya mashindano hayo huko Brazili, kwa saa 7, dakika 40 na sekunde 23. Oktoba mwaka huo akaenda Hawaii kushindania ubingwa wa dunia. Siku tatu kabla ya mashindano, akiwa katika mazoezi ya baiskeli, aligongwa na gari. Shingo yake ikavunjika.

Madaktari wangeweza kumpasua na kuunganisha mifupa, lakini shingo isingegeuka tena kama zamani. Akachagua njia yenye maumivu mengi: kuvishwa fremu ya chuma kuzunguka kichwa, iliyoshikwa kwa skrubu nne zilizoingia katika fuvu, ili shingo isitikisike mpaka mfupa uungane. Alikaa nayo miezi mitatu. Mwanzoni alilala ameketi kitini. Nguvu zilipomrudia kidogo, akaanza kukanyaga baiskeli ya mazoezi, ile isiyotoka mahali pake.

Hebu tumtazame hapo, wapenzi. Mtu wa chuma amefungwa kwa chuma. Anakanyaga, wala haendi popote. Hakuna umati wa kumpigia makofi. Hata hivyo, mbio zake zilikuwa hapo. Kama angalionea haya udogo wa kazi ile, asingalifika barabarani tena.

Aprili 2018 alikimbia marathoni ya Boston, katika mvua na baridi kali, kwa saa 2, dakika 49 na sekunde 42. Oktoba akarudi Hawaii. Alimaliza kwa muda wa saa 8 na dakika 45 hivi. Bingwa wa siku hiyo, Patrick Lange wa Ujerumani, alikuwa amekwisha kufika zaidi ya dakika 50 mbele yake. Tim Don hakupata taji. Alipata kumaliza. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini imetupasa kusema kweli. Si kila shingo iliyovunjika hupona. Katika makanisa yetu wamo walioumia katika ajali za matatu na pikipiki, ambao hawatatembea tena. Tusiwaambie kwamba wakiwa na imani ya kutosha watakimbia. Neno hilo ni jiwe juu ya kifua cha mgonjwa. Tunalosema ni hili: mwandishi wa Waebrania hakumtoa mbioni yeye achechemeaye. Aliagiza njia isawazishwe, ili kiungo kilichoumia kipate nafuu, kisiharibike zaidi.

Nani ataisawazisha? Agizo hilo halikuandikiwa mgonjwa peke yake; liliandikiwa kanisa. Tukimpelekea uji ndugu aliyelazwa, tunasawazisha njia. Tukijenga mteremko wa saruji penye ngazi za kanisa ili kiti cha magurudumu kipite, tunasawazisha njia. Tukimshika mkono mama ajifunzaye kutembea baada ya kiharusi, tunasawazisha njia. Lakini tukimtembelea mgonjwa juma la kwanza, na kufika mwezi wa tatu tumemsahau, tumemwacha peke yake penye mawe.

Nawe ndugu, nawe dada, unayetusikiliza ukiwa kitandani: hatua yako ya leo huenda ni kuketi bila kushikwa. Huenda ni kuinua kijiko. Huenda ni kupita usiku mmoja wa maumivu ukimlilia Mungu badala ya kumwacha. Usiipime hatua hiyo kwa nguvu zako za zamani. Yesu aliyetutangulia alifufuka akiwa na alama za misumari mikononi mwake, na kwa alama hizo Tomaso alimtambua. Yeye hamdharau mtu aliyejeruhiwa.

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, watie nguvu waliofungwa na ugonjwa. Wape saburi ya leo, na kesho uwape ya kesho. Utufundishe sisi wenye afya kutembea kwa mwendo wao, tusije tukafika peke yetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.